Kayaki ya pedali: tusinunue bei, tununue spea

Leo tunajibu swali la dada yetu mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat. Tulitaka kumjibu yeye peke yake, lakini tukaona ni swali la wengi.

Dada ana mdogo wake kisiwani, mvuvi wa mshipi. Kijana huyo hana chombo. Anapanda mtumbwi wa mtu, na samaki wakiuzwa chombo kinakatwa fungu lake kwanza. Dada kaona pwani ya huko Oman watu wanavua kwa kayaki za kukanyaga pedali, mikono iko huru kwenye mshipi, hakuna petroli wala mashine. Akajiuliza: kwa nini nisimnunulie mdogo wangu moja kama hiyo, aachane na chombo cha watu? Kapata bei mbili. Ya kwanza rial 420, inauzwa na mtu mwenye ukurasa wa mtandaoni, waranti mwaka 1. Ya pili rial 880, kampuni inayojulikana, ina wakala palepale mjini, waranti miaka 2. Anatuuliza achukue ipi.

Wazo lake si la kuchekwa. Kayaki ya pedali ni chombo cha kweli. Mtindo huu ulienea baada ya kampuni ya Hobie ya California kuleta pedali zake za mapezi mwaka 1997. Unasukuma kwa miguu, chini kuna mapezi mawili yanayopiga maji huku na huku. Kampuni nyingine zikaja na propela: unakanyaga kama baiskeli, gia inazungusha propela chini ya bodi, na ukikanyaga kinyume chombo kinarudi nyuma. Kwa mvuvi wa mshipi faida inaonekana. Anaweza kukaa juu ya mwamba mmoja mkondo ukivuta, miguu inafanya kazi, mikono inavua. Mtu wa kafi hawezi hivyo, kila akishika mshipi chombo kinaondoka.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo tunapoumizwa.

Sisi wenyewe tumeshaumizwa. Miaka michache nyuma tulichanga ndugu watatu, wote tuko nje, tukamnunulia baba mdogo kayaki ya propela ya bei ya chini. Tuna digrii ya biashara, tunafunga vitabu vya watu kila mwisho wa mwezi, lakini siku ile tulitazama bei tu. Mwezi wa nne meno ya gia yakalika. Ukikanyaga, pedali zinazunguka na propela imelala. Tukamwandikia muuzaji. Jibu la kwanza: rudisheni mzigo tuukague, nauli ni yenu. Jibu la pili: jina lililo kwenye risiti na anayetumia chombo ni watu wawili tofauti. Jibu la tatu halikuja, namba ilishafungwa. Gia ile ni kitu cha kutosha kwenye kiganja, na tukatafuta Tanga, Mombasa na Dar es Salaam tusiipate. Mpaka leo baba mdogo anaitumia kwa kafi, na kayaki ya pedali ukiipiga kafi ni nzito, maana ni pana na imejengwa ibebe mashine.

Kwa hiyo tukisikia "waranti miaka 2" tunaomba karatasi, tunaisoma mstari kwa mstari. Ndugu zetu, waranti nyingi za vyombo hivi zina vifungu vitatu ambavyo vikikaa pamoja hakibaki kitu kwa mtu wa nyumbani.

Kifungu cha kwanza: waranti ni ya mnunuzi wa kwanza mwenye risiti. Ukimpa mdogo wako, yeye si mnunuzi. Hili liwahusu pia kaka zetu wa ujenzi ambao bosi anawauzia kayaki yake iliyotumika kwa bei ya urafiki: hapo mnanunua chombo tu, msihesabu waranti kuwa sehemu ya bei.

Kifungu cha pili: waranti ni ya matumizi ya starehe, si ya biashara. Mtu anayevua kila siku na kuuza samaki, kwa macho ya kampuni huyo ni mfanyabiashara. Na sisi tunanunua kwa ajili hiyohiyo, auze samaki.

Kifungu cha tatu: nauli ya kurudisha mzigo ni juu yako, na madai yanapelekwa nchi uliyonunulia. Gia ya rial 40 unaisafirisha kwa rial ngapi kutoka kisiwani mpaka Muscat, halafu irudi?

Sheria za nchi pia zinakulinda ukiwa kulekule uliponunua. Uingereza, sheria ya haki za mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu kibovu, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 ni kazi ya muuzaji kuthibitisha kwamba kitu kilikuwa kizima alipokuuzia. Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000, benki ya kadi nayo inawajibika. Marekani, sheria ya waranti ya 1975 inataka waranti iandikwe wazi kama ni kamili au ni yenye mipaka, na nyingi utakuta ni za mipaka. Ni haki nzuri, ila zinamhusu mlaji aliye karibu na duka. Kontena likishaondoka, haki yako inabaki bandarini.

Turudi kwa dada. Tulimwomba gharama zote, si bei ya dukani tu. Wakala wa mizigo kamwambia rial 60 kusafirisha, kwa yoyote kati ya hizo mbili. Ushuru na kodi tulimwambia atenge rial 150 kwa ile rahisi na 280 kwa ile ghali, ila kabla ya kulipa chochote amuulize wakala wa forodha upande wa nyumbani ampe hesabu kwa maandishi. Watu wengi wanadhani chombo cha mvuvi kitaonewa huruma bandarini. Kwenye mpangilio wa forodha unaotumika duniani, kayaki iko kichwa kimoja na boti za starehe na michezo, haiko na meli za uvuvi. Na juu ya ushuru kuna VAT, Tanzania Bara 18 kwa mia, Kenya 16 kwa mia.

Ile ghali tukaongeza rial 100 za spea zinunuliwe hukohuko siku hiyohiyo. Ile rahisi hatukuongeza, kwa sababu muuzaji kasema hauzi spea. Kwa hiyo:

Rahisi: 420 + 60 + 150 = rial 630.
Ghali: 880 + 60 + 280 + 100 = rial 1,320.

Ukiziangalia hivi, ile ghali ni zaidi ya mara mbili. Lakini mvuvi hali bei, anakula siku za kazi. Tuseme kijana anatoka siku 150 kwa mwaka, maana kusi ikivuma chombo kidogo kama hiki kinakaa pwani. Ile ghali ikienda miaka 3 ni siku 450, kila siku imegharimu rial 2.93. Ile rahisi ikifa mwezi wa nne kama ya kwetu, baada ya siku 60 hivi, kila siku imegharimu rial 10 na nusu.

Tusiionee ile rahisi. Ikidumu siku 215 inakuwa sawasawa na ile ghali, na ikipita hapo inaishinda. Siku 215 ni karibu mwaka mmoja na miezi mitano ya uvuvi. Basi swali halisi ni hili: gia isiyo na spea, ndani ya maji ya chumvi na mchanga, itafika mwaka mmoja na nusu? Sisi hatuwezi kuweka akiba ya mtu juu ya jibu la ndiyo. Wewe ukiweza, weka.

Mpaka hapa mnaweza kudhani tunamwambia dada achukue ile ya rial 880. Hapana, kuna hesabu nyingine bado, na hii tuliifanya kwa uchungu kidogo.

Dada analipwa rial 110. Anatuma nyumbani 60, anajibakizia 50, na katika hizo anaweka 40. Rial 1,320 gawa kwa 40 ni miezi 33. Ameshaweka 660, yaani ile rahisi anaweza kuinunua kesho, ndiyo maana inamvuta. Ile ghali inamtaka abaki nyumba ya watu mwaka mmoja na miezi minne na nusu zaidi. Hiyo ndiyo bei yake, hata kama dukani hawakuiandika.

Na kijana anapata nini leo? Tulimwomba dada amuulize. Kasema siku ya kawaida, chombo kikishakatiwa fungu, anabaki na kama shilingi 15,000, ukigeuza haifiki dola 7. Rial 2.93 ni dola 7 na nusu hivi, kwa sababu rial 1 ya Oman ni dola 2.6 na haichezi. Maana yake nini? Kayaki ile inakula karibu shilingi 20,000 kila siku inayotoka. Ili kijana apate palepale anapopata sasa kwenye mtumbwi wa watu, na hela ya dada irudi, anatakiwa auze samaki wa shilingi 35,000 kila anapotoka, peke yake, kwa mshipi. Chini ya hapo dada anafadhili tu.

Kufadhili si dhambi. Wengi wetu tuko huku kwa ajili hiyo. Lakini mtu ajue anafadhili, asije akaambiwa baada ya miaka mitatu kwamba ulikuwa mradi.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Hela isitoke sasa. Kijana apewe daftari, aandike mwezi mzima: tarehe, katoka au hakutoka, kilo ngapi, kauza ngapi, fungu la chombo ngapi. Aandike na siku za upepo, asichague nzuri. Daftari likionyesha kwamba fungu linalokatwa ni kubwa, na kwamba akiwa na chombo chake 35,000 inafikika, basi ile ya wakala inunuliwe, hata kwa kuchanga na ndugu wengine ili dada asikae miezi yote hiyo peke yake. Daftari likisema haifikiki, ulizeni bei ya ngalawa au mtumbwi palepale kijijini. Fundi wake anaishi nyuma ya nyumba, mbao zinapatikana, na ikipasuka leo keshokutwa iko majini. Hiyo ndiyo waranti ambayo haina karatasi.

Na ile ya rial 420 tunasema usinunue, hata kama hela iko mkononi.

Kwa wale ambao daftari lao litasema ndiyo, haya myafanye kabla kontena halijafungwa:

Muulizeni muuzaji awaonyeshe gia, mapezi au propela, na kamba za usukani vikiwa rafuni, si kwenye picha. Asipokuwa navyo leo, hatakuwa navyo mwakani.

Nunueni vile vinavyokufa kwanza siku ileile: pini, kamba za usukani, mapezi au propela moja ya akiba.

Risiti iwe na jina kamili, namba ya chombo na tarehe. Kisajilini kwa kampuni kama waranti inataka hivyo. Ulizeni kwa maandishi kama mtu wa nyumbani anaweza kutumiwa spea bila kurudisha mzigo. Wakala mwingine anakubali kwa picha na video, na jibu la namna hiyo lina thamani kuliko mwaka mzima wa waranti.

Kijaribuni baharini hukohuko siku mbili tatu duka likiwa karibu. Kasoro nyingi za kiwandani hujitokeza mwanzoni.

Mwambieni wa nyumbani kila jioni pedali zioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, na maji yakikupwa juu ya miamba mashine inyanyuliwe, maana inashuka chini ya bodi na jiwe moja linatosha kuipinda. Na kafi isiachwe nyumbani hata siku moja.

Dada katuambia mdogo wake ameshaanza kuandika. Wiki ya kwanza siku tatu ni sifuri, upepo. Zile rial 660 bado ziko benki, na tumemwomba ziendelee kukaa huko mpaka daftari lijae.

Kazi njema, ndugu zetu.