Ukimya wa Mtoto na Kipimo cha Hofu Yake

Karibu kila katekista wa Tandale anamfahamu mtoto huyu: huketi pembeni, hajibu hata anapolijua jibu, na Jumapili aliyopangiwa kusoma somo huamka akiumwa tumbo. Sisi watu wazima humsifu kwa upole wake. Hatusumbui, nasi hatumwulizi.

Wataalamu wa afya ya akili hutaja hofu ya kijamii, yaani woga mkali na wa kudumu wa kutazamwa, kuchekwa au kuhukumiwa na wengine. Wana pia namna ya kuupima. Dodoso mojawapo linalotumika sana ni la mwanasaikolojia Mmarekani Annette La Greca, ambalo toleo lake la vijana lilichapishwa mwaka 1998. Lina kauli 22, na kijana huipa kila moja alama 1 hadi 5. Nne ni za kujazia tu, hazihesabiwi. Katika 18 zilizobaki, nane zinahusu hofu ya kufikiriwa vibaya, sita woga mbele ya wageni na mambo mapya, na nne kujitenga hata na watu anaowafahamu. Anayefikisha alama 50 hutazamwa kama mwenye hofu kubwa.

Tangu UNICEF ilipoitoa taarifa yake ya mwaka 2021 kuhusu afya ya akili ya watoto, vipimo vya namna hii vinazungumzwa zaidi, nasi twaona ni heri. Ila twauliza: alama 50 za mtoto yupi?

Kiswahili kina haya, aibu, soni, woga, hofu na wasiwasi, na maneno haya hayalingani uzito. Haya ni tunu ya malezi. Mtoto wa Tandale aliyefunzwa adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa na kunyamaza wageni wanapozungumza. Mfasiri akiandika “ninaona haya mbele ya watu”, mtoto huyo atajibu “daima”, naye atakuwa amepata alama za ugonjwa kwa sababu ya adabu yake. Tena yuko mwanafunzi wa kidato cha kwanza, aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili na ghafla anatakiwa kujibu kwa Kiingereza. Ananyamaza kwa kukosa maneno. Ndiyo maana vigezo vya kitabibu hudai kwamba hofu ya mtoto ionekane pia akiwa na watoto wenzake, si mbele ya watu wazima pekee, na kwa kawaida idumu miezi 6 au zaidi. Anayenyamaza darasani lakini akapiga kelele uwanjani huenda hana ugonjwa huu.

Kazi ya kuthibitisha kipimo inawezekana hapa kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake, juu ya wajawazito waishio na virusi vya UKIMWI, haukuishia kwenye tafsiri ya dodoso la sonona na wasiwasi. Majibu ya kina mama yalilinganishwa na mahojiano ya kitaalamu. Watoto wetu wanastahili uangalifu huohuo.

Yapo pia mazingira ya kujibu. Katika nyumba zetu za kupanga, familia nzima huishi chumba kimoja. Mtoto atajaza wapi karatasi hiyo bila kaka yake kuchungulia? Na ikikusanywa na mwalimu yuleyule ashikaye fimbo, ambayo kanuni za elimu bado zinairuhusu, anayeogopa kuhukumiwa ataandika kile anachodhani kinatakiwa. Twahofu kwamba mwenye mateso makubwa kuliko wote ndiye atakayepata alama ndogo.

Kwa hiyo twaziomba shule za Kanisa na walezi wa Utoto Mtakatifu wasigawe dodoso lolote kabla ya kumpata mtu aliyefunzwa, atakayekaa na mtoto faraghani baada ya alama kutoka. Mzazi aombwe ridhaa. Majibu yatunzwe kwa siri, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyodai. Yasisomwe kwenye jumuiya, hata kwa nia ya kumwombea mtoto.

Lipo pia suala la nauli. Mama auzaye mahindi soko la Tandale akiambiwa ampeleke binti yake Muhimbili, hupoteza mapato ya siku nzima, na kliniki humtaka arudi tena na tena. Parokia inayotaka kupima ianze kwa kuujadili mfuko huo katika halmashauri ya walei, kabla karatasi ya kwanza haijachapwa.