Kutoka meza ya Tehran hadi mkutano wa Moshi: Washirika wa vita walivyogeuka mahasimu

Katika Ramadhani ya mwaka 1382 Hijria, sawa na mwezi Februari mwaka 1963, mji wa Moshi ulipokea ugeni mkubwa. Kuanzia tarehe 4 hadi 11 ya mwezi huo, wajumbe kutoka nchi nyingi za Afrika na Asia walikusanyika chini ya Mlima Kilimanjaro kwa ajili ya mkutano wa tatu wa Jumuiya ya Mshikamano wa Watu wa Afrika na Asia. Tanganyika ilikuwa na umri wa miezi kumi na minne tu tangu ipate uhuru, na miezi miwili tangu iwe Jamhuri. Waliokuja kusikia habari za Angola, Msumbiji na Afrika Kusini walizisikia. Lakini walishuhudia pia jambo ambalo wengi wao hawakulitarajia: Warusi na Wachina, wote wakomunisti, wote wakijiita marafiki wa wanyonge, wakivutana waziwazi mbele ya wageni wao.

Mvutano huo wa Moshi unatusaidia kuielewa habari kubwa zaidi, nayo ni namna Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti, zilizopigana bega kwa bega dhidi ya Hitler, zilivyogeuka kuwa kambi mbili zenye silaha za kuiangamiza dunia. Wengi wetu tulifundishwa kuwa Vita Baridi vilikuwa ugomvi wa itikadi, ubepari upande huu na ukomunisti upande ule. Maelezo hayo si ya uongo, ila yana upungufu. Kama itikadi ndiyo iliyowafarakanisha, ni kitu gani kilichowakutanisha mwaka 1941? Na kama itikadi ndiyo inayounganisha watu, kwa nini Mrusi na Mchina waligombana Moshi?

Tuanze na huo mwaka 1941. Tarehe 22 Juni majeshi ya Hitler yaliivamia Urusi, ilhali miaka miwili kabla, Agosti 1939, Stalin alikuwa ametia saini mkataba na Hitler huyo huyo. Churchill, aliyewachukia Wabolsheviki tangu walipotwaa madaraka, alitangaza jioni ile ile kuwa Uingereza itaisaidia Urusi. Marekani nayo ikapeleka malori, vyakula na silaha vyenye thamani ya dola bilioni 11 hivi katika miaka ya vita. Hakuna aliyebadili imani yake. Stalin alibaki Stalin, ingawa wakati wa vita alilegeza kamba kidogo: Oktoba 1943 aliruhusu Waislamu wa Asia ya Kati waundiwe baraza lao la kidini mjini Tashkent. Miezi minne tu baadaye, Februari 1944, aliwahamisha Wachechnia wote kutoka ardhi yao kwa nguvu, na Mei mwaka huo huo wakafuata Watatari wa Crimea. Hivyo ndivyo alivyokuwa mshirika wa mataifa yaliyosema yanapigania uhuru. Mataifa hayo nayo yalikuwa na makoloni, na sisi tulikuwemo.

Nchi ambayo kisa hiki kinaonekana vizuri zaidi ni Iran. Nchi hiyo ilikuwa imejitangaza kutokuwa na upande katika vita, lakini Agosti 1941 Waingereza waliingia kutoka kusini na Warusi kutoka kaskazini. Shah Reza akalazimishwa kuachia kiti. Sababu ilikuwa reli na mafuta: kupitia Iran, misaada ilisafirishwa kutoka Ghuba hadi kwa askari wa Kirusi. Januari 1942 madola hayo mawili yaliahidi kwa mkataba kuwa yataondoa majeshi yao ndani ya miezi sita baada ya vita kumalizika. Mwishoni mwa Novemba 1943 Roosevelt, Churchill na Stalin walikutana Tehran kwa mara ya kwanza wote watatu, wakapanga namna ya kumshinda Mjerumani, na wakatoa tamko la kuheshimu uhuru wa wenyeji wao.

Vita vikaisha. Siku ya mwisho ya kuondoka ilikuwa tarehe 2 Machi 1946. Waingereza na Wamarekani waliondoa askari wao, Warusi wakabaki, huku wakiziunga mkono serikali mbili zilizojitenga kaskazini, ya Waazeri na ya Wakurdi, na wakidai wapewe mafuta. Iran ikalipeleka shauri lake kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, likawa miongoni mwa mashauri ya mwanzo kabisa ya baraza hilo. Mwezi Mei Warusi waliondoka wakiwa na ahadi ya mafuta, na mwaka 1947 bunge la Iran likaikataa ahadi hiyo. Asije mtu akadhani kuwa upande wa pili ulikuwa na mikono safi. Mwaka 1951 Waziri Mkuu Mossadegh alipoyataifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza, haikupita miaka mitatu kabla ya kupinduliwa, Agosti 1953, kwa mpango wa mashirika ya ujasusi ya Marekani na Uingereza. Ahadi ya Tehran ilivunjwa na wote, kila mmoja kwa zamu yake.

Huko Ulaya mambo yalikwenda kwa njia hiyo hiyo. Urusi ilipoteza watu wapatao milioni 27 katika vita, na haikusahau kwamba washirika wake walichelewa hadi Juni 1944 kufungua uwanja wa pili wa mapambano Ufaransa. Ikataka ukanda wa nchi tiifu kati yake na Ujerumani, na kwa ajili hiyo Poland ikakosa uchaguzi huru iliyoahidiwa. Wamarekani nao walikuwa wameangusha bomu la atomiki Hiroshima Agosti 1945, na Stalin aliyaelewa vizuri maana yake. Machi 1947 Rais Truman akatangaza kuzisaidia Ugiriki na Uturuki dhidi ya ukomunisti. Mwaka uliofuata Warusi wakaifunga njia ya kuingia Berlin Magharibi, Aprili 1949 ikaundwa NATO, na Agosti mwaka huo Warusi wakalipua bomu lao wenyewe. Miaka minne tu ilitosha. Kila upande ulikuwa na hofu, na kila hatua uliyoichukua kwa kujilinda ilionekana na mwenzake kuwa ni ya kushambulia. Itikadi iliipa hofu hiyo lugha ya kusemea.

Je, haya yalituhusu nini sisi? Vijana wa Tanganyika walikuwa wamepigana katika vita hivyo wakiwa askari wa KAR, Uhabeshi, Madagaska na Burma. Waliporudi, nchi yao iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa mwaka 1946, Mwingereza akiwa msimamizi. Hapo ugomvi wa wakubwa ulifungua dirisha dogo. Katika Baraza la Udhamini wajumbe wa Kisovieti hawakuacha nafasi ya kumuumbua Mwingereza, na Marekani haikupenda kuonekana mtetezi wa ukoloni. Mwaka 1952 jirani zetu Wameru, waliofukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi, walimpeleka Kirilo Japhet hadi New York kueleza dhulma hiyo. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini dunia iliwasikia. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama katika Baraza hilo hilo. Huruma ya wakubwa haikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo. Waliokuwa hawaelewani walihitaji mashahidi, na Waafrika waliijua thamani ya ushahidi wao.

Sasa turudi Moshi. Mkutano wa 1963 ulifanyika miezi michache baada ya mwezi wa hatari, Oktoba 1962, ambapo Marekani na Urusi zilikaribia kupigana kwa makombora kwa sababu ya Cuba, na ambapo China na India zilianza kupigana kweli mpakani mwao. Wachina walimwona Khrushchev kuwa mwoga kwa kuyaondoa makombora yake Cuba, na msaliti kwa kutosimama nao dhidi ya India. Warusi waliwaona Wachina kuwa wachochezi wasiojua gharama ya vita vya nyuklia. Hoja hizo zote zilisafiri hadi Moshi. Wachina, wakiongozwa na Liu Ningyi, hawakutaka Urusi iwe na sauti katika jumuiya ya Waafrika na Waasia. Baadaye upande wa Urusi ulilalamika hadharani kuwa waliambiwa na Wachina kwamba Wazungu hawana shughuli pale. Ajabu ni kwamba kamati ya Kisovieti ya mshikamano huo iliongozwa na mshairi wa Kitajiki, Mirzo Tursunzoda, mtu wa Asia ya Kati. Moscow ilijua thamani ya kuonyesha sura za Kiasia, hasa mbele ya Waislamu.

Aliyeufungua mkutano huo alikuwa Mwalimu Nyerere, ambaye tangu mwaka 1961 alikuwa ametahadharisha mjini Dar es Salaam kuhusu kinyang'anyiro cha pili cha kuligombea bara la Afrika, akisema mgawanyiko wa kweli wa dunia ni kati ya nchi tajiri na maskini, na kwamba matajiri wamo katika kambi zote mbili. Kilichofuata hakikumkanusha. Mkutano wa tano wa jumuiya hiyo, uliokuwa ufanyike Beijing mwaka 1967, haukufanyika huko, na China ikajitoa. Machi 1969 askari wa Urusi na China walipigana risasi katika mto Ussuri. Februari 1972 Rais Nixon wa Marekani, kinara wa mabepari, alikwenda Beijing kupeana mikono na Mao. Wenye itikadi moja walikuwa maadui, na wenye itikadi zinazopingana walikuwa wakiandaliana karamu.

Kuna upande mwingine wa kisa hiki ambao hauandikwi sana, nao uliingia hadi ndani ya vihamba vya Machame, Kibosho, Uru, Marangu na Rombo. Naizungumzia kahawa. Baada ya mapinduzi ya Cuba ya mwaka 1959, Marekani iliogopa kwamba wakulima maskini wa Amerika ya Kusini, wengi wao wakitegemea kahawa, wangeelekea kwa Castro. Kwa hiyo mwaka 1962 ikakubali jambo ambalo mabepari kwa kawaida hulipinga: Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uliogawia kila nchi kiasi cha kuuza ili bei isianguke. Nchi yetu iliwekwa kundi moja na Kenya na Kolombia. Kwa muda mrefu wa miaka ishirini na sita iliyofuata, mkulima aliyepeleka kahawa yake chama cha msingi, na kutoka hapo KNCU, alikuwa na ulinzi fulani wa bei, na kwa fedha hiyo ada za shule zililipwa na mabati yakaezekwa.

Nchi za kikomunisti hazikuwamo katika mgao. Wauzaji walizipelekea kahawa iliyozidi kwa bei ya chini mno, hata Wamarekani wakalalamika kwamba wao wanalipa zaidi ya wakomunisti. Ujerumani Mashariki, ilipokosa fedha za kigeni mwaka 1977 baada ya bei kupanda, ilibadilishana silaha kwa kahawa ya Ethiopia, kisha mwaka 1980 ikaingia mkataba wa kugharimia mashamba mapya Vietnam. Mibuni hiyo ilianza kuzaa vizuri wakati ambapo Ujerumani Mashariki yenyewe ilikuwa inatoweka.

Kufikia mwaka 1989 hofu iliyouzaa mkataba ilikuwa imekwisha. Gorbachev alikuwa akipatana na Washington, na Marekani haikuona tena sababu ya kulipia utulivu wa wakulima. Mwezi Julai mgao ukasitishwa, na katika muda wa miezi michache bei ya kahawa duniani ikaanguka kwa takriban nusu. Ukuta wa Berlin ulibomolewa Novemba mwaka huo, na dunia ikashangilia. Miaka kumi baadaye Vietnam ilikuwa imekuwa ya pili kwa kuuza kahawa nje, na ingawa yake ni robusta na ya Kilimanjaro ni arabika, wingi huo ulichangia kuzididimiza bei zote hadi mwaka 2001. Kwenye miteremko yetu wapo waliong'oa mibuni wakapanda mboga na migomba zaidi. Mkataba wa kahawa upo hadi leo, ulioandikwa upya mwaka 2007 na tena mwaka 2022, lakini mgao haukurudishwa, na bei ya kahawa inayonadiwa Moshi bado huangaliwa kwanza New York.