Kujitolea Ugenini: Ni Nani Amsaidiaye Mwenzake?



Muhula huu wanafunzi watatu wa kidato cha sita wamenijia, kila mmoja kwa wakati wake, wakiniuliza njia ya kwenda kujitolea Ulaya. Wa kwanza ataka kuona theluji. Wa pili amechoka na maneno ya nyumbani kwao. Wa tatu alisema tu kwamba tangu afiwe na kaka yake hawezi kutulia mahali. Baadaye wazazi wawili nao wamenijia, wakanionya nisiwatie watoto wao wazimu wa ng'ambo. Kwa kuwa wote wajua kwamba nilikwenda, na siwezi kumjibu kila mtu peke yake, nimemwomba Mhariri anipe nafasi niseme maoni yangu mara moja.

Maoni yangu ni haya: kijana anayeweza na aende, lakini asidhani kwamba safari itamponya. Safari haimponyi mtu. Kinachoponya ni kazi afanyayo kwa ajili ya mwingine, na unyenyekevu wa kufundishwa kazi hiyo na watu asiowajua.

Sisi wa Songea hatukuanza leo kuwajua wenye kujitolea. Mwaka wa 1960 vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji cha Litowa katika wilaya hii, wakalima shamba la pamoja. Kijiji hicho kikawa mzazi wa vijiji vingine vilivyoungana katika chama cha maendeleo cha Ruvuma. Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, alihamia Litowa pamoja na mkewe na watoto wake, akawa mshauri wao kwa miaka kadhaa. Hakuja kuwa bwana mkubwa. Wenye kuamua walikuwa wanakijiji wenyewe katika mikutano yao. Chama kile kilivunjwa mwaka wa 1969, naye Ibbott akarudi kwao. Lakini mwaka wa 2014 kilitoka kitabu chake juu ya habari za vijiji vile. Mtu haandiki kitabu juu ya mahali baada ya miaka arobaini na mitano, kama mahali pale hapakumbadilisha moyo. Basi nauliza: alikuja kutusaidia sisi, au ni sisi tuliomsaidia yeye? Nadhani ni yote mawili.

Zamani njia hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Wageni walikuja, sisi tulipokea. Mwaka wa 1961, mwaka wetu wa Uhuru, Wamarekani wa Peace Corps walifika Tanganyika kupima barabara. Siku hizi njia ina pande mbili. Mpango wa serikali ya Ujerumani uitwao weltwärts, ulioanza mwaka wa 2008 kwa kupeleka vijana wa Kijerumani nchi za nje, tangu mwaka wa 2013 huwapokea na vijana wa nchi zetu kwenda kufanya kazi Ujerumani. Hufanya kazi katika shule za watoto wadogo, kwa watu wenye ulemavu, na katika nyumba za wazee. Si ajira. Hupati mshahara, hupewa chakula, mahali pa kulala, na fedha kidogo za matumizi.

Sasa nieleze habari zangu, nikiwa na haya kidogo.

Mwaka wa 2016 nilikuwa chuoni Dodoma, nikifanya mtihani wa mwisho. Mama alikuwa akiugua, lakini kila nilipopiga simu niliambiwa hajambo. Siku niliyotoka katika chumba cha mtihani kwa mara ya mwisho, ndugu alinijia akaniambia nijiandae tusafiri. Nilipofika kijijini kwetu, karibu na Peramiho, nilikuta kaburi la siku tisa. Baba alikuwa amekataza nisiambiwe, ili mtihani usiharibike.

Sikugombana na Baba. Kwetu mtoto hagombani na baba yake mbele ya matanga. Lakini moyoni nilimhukumu, na kwa mwaka mzima nilimwamkia tu, sikuzungumza naye. Nilipopata nafasi ya kwenda Ujerumani niliikubali upesi, na sitawaficha ninyi: sikwenda kwa sababu niliwapenda wazee wa Kijerumani. Nilikwenda kwa sababu Ujerumani ni mbali.

Baba alipinga. Aliniambia, "Mwanangu, waliomnyonga nduna Songea ndio unaokwenda kuwaosha?" Kila mtu hapa ajua maana ya neno hilo. Tarehe 27 Februari mwaka wa 1906 mababu zetu walinyongwa mjini hapa, wakazikwa katika kaburi moja, na siku chache baadaye nduna Songea Mbano naye akanyongwa. Sikuwa na jibu. Nilikwenda bila ya kumjibu.

Nilipelekwa mji mdogo katika jimbo la Bavaria, kusini ya Ujerumani, jimbo lile lile walikotoka Wabenediktini waliofungua misheni ya Peramiho mwaka wa 1898. Miezi mitatu ya kwanza hali yangu ilikuwa mbaya kuliko ilivyokuwa nyumbani. Mwezi wa Desemba jua la huko huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na usiku ni mrefu mno kwa mtu mwenye mawazo. Huzuni niliyodhani nimeiacha Songea nikaikuta imefika kabla yangu. Nawaambia hili wale wanaotaka kukimbia: mzigo wa moyoni haupimwi katika mizani ya uwanja wa ndege, huingia nao bure.

Kazi yangu ilikuwa kuwaamsha wazee, kuwalisha, kuwanyoa, kuwabadilishia shuka, na kuwatembeza katika viti vya magurudumu. Mimi mwenye shahada sikujua hata kusema vizuri "maji ya moto". Mama mmoja mpishi, ambaye hakusoma sana, ndiye aliyenifundisha namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila ya kumwumiza. Kila siku nilikosea, na kila siku nikasahihishwa. Nyumbani, mtu akifiwa, majirani humpokonya jembe na ndoo wakimwambia, "Wewe pumzika." Ni wema mkubwa, lakini mikono mitupu huipa huzuni nafasi. Kule hakuna aliyejua kwamba nimefiwa. Walinipa ndoo.

Alikuwako mzee mmoja, seremala wa zamani, niliyemhudumia kila asubuhi. Siku moja aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwonyesha Songea katika ramani, na kwa kuwa aliendelea kuuliza, nikamweleza Vita vya Maji Maji vya mwaka wa 1905 hadi 1907. Alinyamaza. Kisha akasema kwamba ameishi miaka themanini na saba na hakuna mwalimu aliyepata kumwambia habari hiyo. Akanishika mkono, akasema pole. Tangu siku ile alikuwa akijaribu kuniamkia kwa Kiswahili.

Mzee yule alifariki usiku mmoja mwezi wa Machi mwaka wa 2018. Mimi nilikuwa zamu, nikaketi naye mpaka mwisho. Binti yake alikaa mji wa mbali, akafika asubuhi, amechelewa. Alisimama mlangoni kama nilivyosimama mimi kaburini. Akaniuliza maswali yale yale niliyokuwa nayo mimi: Je, aliteseka? Alisema nini? Alikuwa peke yake? Nikamjibu yote, polepole, kwa Kijerumani changu kibovu. Nilipokuwa nikimjibu ndipo nilipotambua kwamba hata mimi nina mtu wa kumwuliza maswali hayo, na kwamba mtu huyo aliketi kitandani pa Mama usiku ule, na kwa muda wote huo sikumpa nafasi ya kusema.

Jioni ile nilimpigia Baba simu, nikamwambia, "Baba, nisimulie." Akanisimulia. Mama hakuwa peke yake. Mara mbili aliuliza kama mtihani umekwisha. Baba akasema, "Labda nilikosa, labda sikukosa, mpaka leo sijui." Tukakaa kimya sote wawili, simu iko sikioni. Tangu siku ile tunazungumza.

Basi, wasomaji, nilimsaidia nani Ujerumani? Niliwabadilishia wazee shuka, na kazi hiyo angeweza kuifanya mtu mwingine yeyote. Lakini wao walinirudishia baba yangu. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika hapa kwenye Makumbusho ya Maji Maji na kuomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani, Baba alinicheka akasema, "Rais amechelewa. Yule mzee wako alimtangulia." Sisemi kwamba pole ya mzee mmoja yalipa deni la taifa. Nasema kwamba mambo kama hayo huanza watu wawili wanapoketi karibu.

Kwa wazazi: msiogope kwamba mtoto atapotea kwa sababu amekwenda mbali. Mimi nilikuwa nimepotea nikiwa ndani ya nyumba ya baba yangu. Lakini mna haki ya kuuliza: nani anampeleka, atalala wapi, atarudi lini. Na mtu yeyote akidai fedha nyingi kwa ahadi ya kumpeleka mwanao ng'ambo, mwogopeni.

Kwa wale watatu: wewe wa theluji, ukumbuke kwamba theluji huyeyuka, na kazi hubaki. Wewe uliyechoka na maneno ya nyumbani, zungumza nao kwanza, nisije nikawa nimekufundisha kosa langu. Na wewe uliyefiwa, pole sana. Usingoje viza. Hapa mjini, chini ya Matogoro, wako wazee wasio na mtu wa kuwachotea maji wala kuwapasulia kuni.

Kwa sababu hiyo namwomba Mkuu wa Shule aturuhusu, kuanzia muhula ujao, kutoa Jumamosi mbili kila muhula kwenda kuwatumikia wazee wa mitaa ya jirani. Nitakuwa tayari kuongoza. Asiyeweza kumchotea maji bibi wa jirani hatamchotea bibi wa Ulaya. Na aliyejifunza hapa, akipata nafasi ya kwenda, atajua anakwenda kufanya nini.

Nimesema yangu. Wenye maoni mengine na waandike. Nitafurahi kusahihishwa, kwani nimekwisha zoea.

Mwalimu wa Jiografia