Barabara Nzuri, Ila Siyo Yetu



Ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, kila msimu wa mvua tunaziona picha zenu. Zimepigwa kupitia kioo cha gari: mahindi mpaka macho yanapoishia, milima ya Dowa kwa mbali, wingu zito la jioni. Chini mnaandika kwamba mmetoka kazini Dzaleka na njia ilikuwa nzuri ajabu. Hatubishi. Njia ni nzuri kweli. Ila mnaielezea kama vile imewekwa pale itazamwe tu.

Sisi pia tunaijua. Ni kama kilomita 40 hivi. Ukitoka Area 49 unaishika M1, unapita Kanengo kwenye mnada wa tumbaku, unapita Lumbadzi, halafu unaiacha barabara kubwa na kuingia njia ya Dowa. Huko kote ni mashamba: mahindi, tumbaku, karanga, soya. Lakini sisi kwenye minibasi hatuangalii mashamba. Tunaangalia mbele kama kuna kizuizi cha polisi, mkono uko mfukoni unapapasa karatasi ya ruhusa. Tunakaa kimya, maana Chichewa chetu kikitoka na lafudhi ya Bukavu au Bujumbura, gari zima linajua sisi ni nani. Mwenzetu mmoja alikwenda Area 49 kununua vipuri vya simu. Wakati wa kurudi alishushwa kwa sababu ruhusa yake ilikuwa imepita siku moja. Usiku alitembea kwa miguu katikati ya hayo mahindi mazuri. Muulizeni yeye habari za uzuri wa njia.

Halafu kuna jambo ambalo picha haisemi. Kijani cha Januari na Februari ndiyo miezi ya njaa. Ghala za vijijini zimekwisha, mahindi mapya yanangojewa mpaka Aprili, na bei inapanda kila wiki. Mwenye shamba mnalolipiga picha labda hajala tangu asubuhi. Huyo ni jirani yetu. Anakuja kuuza nyanya na majani ya maboga soko la Dzaleka, na sisi tunanunua. Kwa hiyo hatugombani na mwanakijiji. Tunagombana na sheria.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, ilikataa kufungwa na baadhi ya vifungu. Kimoja ni cha 26, kinachohusu uhuru wa kwenda unakotaka. Tangu kambi ifunguliwe 1994 tumewekwa mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Palipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000; leo tumepita 50,000. Na Mei 2023 wenzetu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe walikamatwa, watoto wakiwemo, wakapitishwa gereza la Maula kabla ya kuletwa huku. Nao waliletwa kwa njia ile ile nzuri.

Wazazi wetu wengi ni wakulima, wa Fizi, wa Masisi, wa Ruyigi. Mpe mzee kiti cha dirishani utamsikia: "Hapa wamechelewa kupalilia." Mikono yake inajua kazi, ila hana hata tuta moja.

Mtatuambia Malawi ni ndogo, ardhi haiwatoshi wenyewe. Ni kweli, na hatuombi shamba la bure. Tunaomba kupita. Uganda nayo si nchi tajiri, lakini sheria yake ya 2006 inamruhusu mkimbizi kusafiri na kufanya kazi. Mtu akifika Lilongwe bila kujificha atauza, atanunua, atakodi shamba kwa mwenyeji, atalipa ushuru, hatakaa kungoja pesa ya chakula inayopunguzwa kila mara.

Basi, ninyi wa mashirika: mkiweka picha ya njia, andikeni pia nani haruhusiwi kuipita. Na mkikaa na serikali, msiongee mahema na sabuni peke yake. Ulizeni habari ya kifungu cha 26, na muulize tena mkutano unaofuata.

Na sisi vijana tusikae tukilalamika tu. Tujifunze Chichewa vizuri. Tuheshimu mashamba ya watu. Kila unaposhushwa, andika tarehe, mahali, na kama umetozwa, ni kwacha ngapi. Maneno matupu yanasahaulika, daftari linabaki.

Siku tutakayopanda minibasi Area 49, tukaweka kichwa kwenye kioo na kusinzia mpaka Dzaleka kama abiria wengine, siku hiyo na sisi tutapiga picha ya mahindi.