Neno la Mhariri: Usiku wa Wanafunzi Wetu

Mzazi wa mtaa wa Iftin, hapa Garissa, akilalamika kwamba simu imemharibu mwanawe wa chuo, huhesabu muda anaoshinda nayo. Toleo hili linamwomba atazame usiku.

Garissa ni mji wa joto. Mchana watu husaka kivuli, uhai hurudi baada ya Magharibi, na mwanafunzi aliyepanga chumba cha mabati hapati usingizi mapema hata akiutaka. Hununua bando la saa moja. Hilo haliwekwi akiba, lisipotumika saa hiyo limekwenda, kwa hiyo hulimaliza, na mara nyingi huongeza jingine. Asubuhi yuko darasani mwili tu. Usingizi ukikatwa hivyo wiki baada ya wiki, wasiwasi na sonona huzidi, na aliye na huzuni tayari ndiye hukesha zaidi.

Na huko mtandaoni anakutana na nini? Vijana wa ukoo mmoja wakiwatukana wa ukoo mwingine mubashara kwenye TikTok, watazamaji wakiwatupia zawadi za pesa. Agosti 2023 serikali ya Somalia ilitangaza kuipiga marufuku TikTok, na mwezi huohuo Bunge letu likapokea ombi la kuifunga nchini Kenya. Haikufungwa, na sisi hatudai ifungwe. Msichana ambaye picha yake imezungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya jamaa zake anaumizwa na watu anaowaamkia kila siku. Kufunga programu moja hakutawanyamazisha.

Chuo Kikuu cha Garissa kimeziona pande zote mbili za simu. Tarehe 2 Aprili 2015, siku walipouawa watu 148 katika shambulio chuoni humo, wengi wao wanafunzi, waliojificha waliwapigia na kuwaandikia wazazi wao kwa simu. Simu pia ndizo zilizosambaza picha za maiti, huku jamaa wakingoja kwenye chumba cha maiti cha Chiromo, Nairobi, kuwatambua watoto wao. Na ni humohumo mitandaoni Wakenya walipoweka majina na nyuso za marehemu ili wasibaki kuwa hesabu tu.

Kinachotukera ni kwamba kijana akizidiwa hana pengine pa kwenda. Akisema hapati usingizi, ataambiwa ana majini au imani yake imelegea. Kisomo kina nafasi yake, tunaiheshimu, lakini imamu na mshauri nasaha, kila mmoja anapaswa kuwa na namba ya simu ya mwenzake. Sheria nayo ilimtisha: hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume cha Katiba, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu. Nani angethubutu kufungua mdomo?

Makala zinazofuata zina madai mengi kwa vyuo vyetu. La kwanza ni hili: ofisi za walezi wa wanafunzi ziweke namba moja inayopokelewa saa nane za usiku, na anayeipokea ajue Kisomali na Kiswahili.