Funguo nne kwa gari moja

KUTOKA MNARA WA SAA
Na Anaeli Nnko

Mzee mmoja wa Usa River ana Datsun 240Z, gari la spoti ambalo aina yake ilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, siku ambazo mbio hizo bado ziliitwa za Afrika Mashariki. Injini ya mzee ni nzima. Kinachomsumbua ni funguo: mmoja wa kuwashia, mwingine wa mlango wa dereva, wa tatu wa abiria, wa nne wa mlango wa nyuma. Ushauri anaopewa mjini ni ule ule kila anakopita: ng'oa swichi, funga ya kawaida kutoka duka la spea, vitasa achana navyo. Naupinga ushauri huo kwa nguvu zangu zote.

Gari la umri huo limepita kwa watu wengi. Mlango uliobondeka uliletewa mwingine, ukaja na kitasa chake. Swichi ilikwama, ikanunuliwa iliyokwisha kutumika. Lakini kabla hujasema kuna kasoro, jua kwanza gari lilitoka kiwandani na funguo ngapi. MGB ya Uingereza, iliyoingia sokoni mwaka 1962, ilikuwa na ufunguo wa swichi tofauti na wa milango. Mwenye gari kama hilo akitafuta ufunguo mmoja wa kila kitu anatafuta ambacho hakikuwepo tangu mwanzo.

Ndani ya kitasa cha gari la miaka ile kuna silinda ndogo yenye safu ya vibati vya shaba, kila kimoja na springi yake. Meno ya ufunguo hukisogeza kila kibati hadi kimo chake, na vyote vikiwa sawa na ukingo wa silinda, inazunguka. Kimoja tu kikichomoza, imegoma. Kwa hiyo si lazima kitasa kitupwe. Vibati vyake vinaweza kupangwa upya vifuate ufunguo unaoutaka. Fundi hufungua ubao wa ndani wa mlango, huchomoa klipu, hutoa silinda, huingiza ufunguo na kutazama ni vibati gani vimechomoza. Hivyo huvibadilisha kwa vya kimo kinachofaa, akivitoa kwenye silinda kuukuu ya aina ile ile. Wapo wanaoshika tupa na kuvisaga vyote hadi silinda izunguke. Kitasa cha namna hiyo kitafunguka hata kwa bisibisi, na aliyelipia kazi hiyo ameibiwa kabla mwizi hajafika.

Kazi ngumu ni kuchagua ufunguo wa kufuatwa. Ukipeleka ufunguo uliochakaa ukachongewa mwingine kama huo, na uchakavu umechongwa. Tafuta namba iliyogongwa kwenye ufunguo wa kiwandani au kwenye silinda, maana namba hiyo inampa fundi vipimo vya awali. Namba ikikosekana, nenda kwenye mlango wa abiria. Kitasa chake hutumika kidogo kuliko vyote, na kama mlango wenyewe haujawahi kubadilishwa, vimo vya vibati vyake ni ushahidi mzuri wa ufunguo wa kwanza.

Sasa swichi ya kuunga. Katika magari ya zamani umeme wa vitu vingi hupita kwenye swichi ya kuwashia. Waya zikikatwa na kuunganishwa kwa kukisia, bila fyuzi, mwisho wake unaweza kuwa moto chini ya dashibodi. Kwa magari yenye kufuli la usukani hatari ni kubwa zaidi: silinda iliyolegea huachia ufunguo uchomoke injini ikiwa inanguruma, na kufuli likinasa kwenye kona za barabara ya Namanga, dereva hana la kufanya. Watu wanaokata kona kwenye kazi hii wanacheza na roho za watu.

Huku kwetu kuna adui mwingine, vumbi laini la udongo wa volkano ya Meru. Wengi humwagia kitasa oili, na oili hulinasa vumbi hilo hadi vibati vinagandamana. Safisha kwanza, kisha tia unga mkavu wa grafaiti, ule ulio ndani ya penseli.

Nawasihi pia wachonga funguo: ombeni kadi ya gari, pamoja na kitambulisho kinachooana na jina lililo kwenye kadi, kabla hamjagusa kitasa. Mteja mwaminifu hatachukia. Mimi nitamwamini zaidi fundi aliyeniuliza kuliko yule aliyechukua pesa kimya kimya.

Na kazi hii ifundishwe. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu mwaka 1978, na ufundi wa magari unafundishwa pale. VETA nao wapo. Kijana anayejifunza gia na breki apewe pia silinda ya kitasa, aitawanye mezani, avipange vibati na kuvijaribu mbele ya mwalimu. Wazee waliojifunza kazi hii kwa macho na vidole bado wako vibandani mjini, na wangefaa kualikwa darasani wangali na nguvu za kufundisha.