Nyumba Nyuma ya Gari

Tarehe 16 Desemba, 2021, Serikali ya Uingereza iliufuta mtihani uliowapasa madereva wa magari madogo kabla ya kuruhusiwa kuvuta trela kubwa. Mtihani huo uliwahusu wote waliopata leseni tangu tarehe 1 Januari, 1997. Dereva alisimama mbele ya mkaguzi, akarudi nyuma na trela, akaifungua, akaifunga tena. Siku hizi mwenye leseni ya kawaida huko anaruhusiwa kuvuta trela yenye uzito wa hadi kilo 3,500, ijapokuwa maisha yake yote hajapata kuvuta hata mkokoteni. Sababu iliyotolewa ni kwamba nchi ilikuwa na upungufu wa madereva wa malori, na wakaguzi walihitajiwa kuwatahini hao. Sababu hiyo twaielewa, wala hatuikubali.

Msomaji wetu aliye kambini au katika stesheni ya polisi huenda akauliza jambo hili lamhusu nini. Lamhusu sana. Trela nyingi zinazovutwa na magari madogo huko Ulaya na Marekani ni nyumba: zina vitanda, jiko, tangi la maji, na mara nyingi choo. Baba hufunga nyumba nyuma ya gari, mama na watoto wakaketi ndani ya gari, wakaenda mwendo wa siku nyingi. Lakini kiungo kinachoshika nyumba hiyo, na nguvu zinazoisukuma huku na huku barabarani, ni zile zile zinazotawala trela ya maji au ya jiko inayofuata Land-Rover ya kikosi. Familia ya Kiingereza ikipinduka na familia ya askari ikipinduka, zimepinduka kwa sababu moja.

Yafaa tukumbuke kwamba mwanzilishi wa safari hizi za starehe alikuwa mtu wa jeshi. Mwaka 1885 Dakta Gordon Stables, aliyekuwa tabibu katika Jeshi la Majini la Uingereza, aliagiza gari la kukaa ndani likatengenezwa mjini Bristol, akaliita The Wanderer, likavutwa na farasi wawili kutoka kusini mwa Uingereza hadi Uskochi. Mzigo wake ulikaribia tani mbili. Mtumishi wake alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu, awaonye waliokuwa wakija mbele. Mzee huyo hakuwa na sheria iliyomlazimisha, ila alijua kwamba mwenye kuburura kitu kizito hasimami upesi kama wengine.

Kanda hizi zetu nazo zimeyaona magari hayo. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwenye kiwanda cha trela za bati ing'aayo ziitwazo Airstream, aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town, ukapita Kenya na Ethiopia, ukafika Cairo mwaka 1960. Matope yaliwatesa, wakavutana kwa minyororo na kamba. Walivumilia kwa sababu walikwenda kwa utaratibu wa msafara. Dereva wa jeshi atautambua utaratibu huo bila kuelezwa.

Sasa tuje kwenye uzito, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapofia. Trela yenye ekseli moja ni kama mizani. Ukiweka mzigo mwingi nyuma ya ekseli, pua ya trela huinuka na kuinua mkia wa gari, na magurudumu ya nyuma ya gari hayashiki tena barabara sawasawa. Ukiweka mzigo wote mbele kabisa, mkia wa gari hulemewa, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo ya usukani, yakawa mepesi. Wamarekani hufundishwa kwamba uzito unaokaa juu ya kiungo uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela nzima. Kwa trela ya kilo 1,500, basi, kiungo kibebe kati ya kilo 150 na 225. Waingereza, ambao magari yao ni madogo zaidi na mwendo wao umewekewa mpaka mkali, hutosheka na asilimia 5 hadi 7. Hesabu zinatofautiana, lakini pande zote mbili zakubaliana kwamba vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli, vikielekea mbele kidogo.

Asiyefuata hayo ataliona tunda lake kwenye mteremko. Lori kubwa likimpita, upepo wake huisukuma trela, nayo huanza kuyumba kama mkia wa mbwa, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili zaidi. Dereva asiyefundishwa hufanya moja ya mambo mawili, ama hukanyaga breki kwa nguvu, ama huuzungusha usukani kuifuata trela. Yote mawili humpindua. Aliyefundishwa huushika usukani imara, umelekea mbele, akaondoa mguu kwenye mafuta, akauacha mwendo ushuke wenyewe. Ikiwa trela ina breki yake inayoshikwa kwa mkono kutoka ndani ya gari, huitia polepole, na trela hujinyosha. Hilo halipatikani kwa kusoma gazeti, hata gazeti hili. Hupatikana uwanjani, mbele ya mwalimu. Ndiyo maana twasema kwamba Uingereza imekosea, na ndiyo maana twasema vile vile kwamba dereva wa kikosi asikabidhiwe trela kwa sababu tu anajua kuendesha lori.

Kuhusu kukaa ndani ya nyumba hizo tutasema machache, ila moja tulitilie mkazo. Chumba kidogo kilichofungwa vizuri hushika joto, na hushika sumu pia. Moto wa makaa au wa gesi ukiwaka bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo humuua mtu usingizini bila yeye kushtuka. Wenye trela wa Ulaya huonywa kila mwaka wasiingize jiko la makaa ndani hata likiwa limefifia. Je, ni askari wangapi wetu walioingiza sigiri ndani ya hema au chumba usiku wa baridi na kufunga mlango? Makaa yaliyogeuka majivu kwa juu yangali yanatoa sumu hiyo. Sigiri ilale nje.

Na asidhani mtu kwamba trela ni nyumba ya kudumu. Baada ya tufani Katrina ya mwaka 2005, Serikali ya Marekani iliwapa watu waliopoteza makao yao trela zaidi ya 100,000. Watu wakakaa humo miezi, wengine miaka, wakilalamika macho na koo. Februari, 2008, kituo cha serikali hiyo kinachodhibiti magonjwa kikatangaza kwamba kiasi kikubwa cha formaldehidi kilikutwa katika hewa ya trela hizo. Kemikali hiyo hutoka katika gundi ya mbao za kubandika. Kitu kilichoundwa kwa safari ya wiki mbili kilikuwa kimegeuzwa makao.

Hata hivyo kuna jambo moja tunalowaonea wivu wenye nyumba hizo. Askari wa Marekani huhamishwa mara kwa mara kama wetu, na Jeshi lao la Anga lina viwanja ndani ya vituo vyake ambapo askari mwenye trela huegesha, akafunga maji na umeme, akalala na watu wake. Hapa kwetu uhamisho wa askari ni mke aliyeketi juu ya magodoro, juu ya lori, mtoto mapajani, kuku mmoja chini ya kapu, na kabati ambalo halitafika zima. Hatuombi kila koplo anunuliwe nyumba ya magurudumu. Fedha hizo hazipo, na barabara nyingi zingeivunja kabla ya mwisho wa mwezi. Twaomba siku ya uhamisho familia ipewe viti ndani ya gari, na mizigo ndiyo ikae kwenye trela, imefungwa kamba.

Polisi wa barabarani anayo kazi yake katika hili, hasa kwenye njia ya Malaba hadi Kampala ambako trela hazikatiki. Katika kizuizi asitosheke na leseni na hati za gari. Ainame atazame kiungo: pini ipo, au umetiwa msumari mahali pake? Minyororo ya usalama imepishana chini ya kiungo, ili kikichomoka chuma cha kuvutia kiangukie juu yake badala ya kuchimba lami? Taa za nyuma za trela zinawaka dereva akikanyaga breki? Matairi ya trela, ambayo kwa desturi ni yale yaliyochoka kwenye gari, yangali na meno? Ukaguzi huo hauzidi dakika tano. Na akikuta watu wamelala ndani ya trela inayovutwa, awateremshe wote, hata wakiwa ni wa kikosi chake mwenyewe na ofisa wao ameketi mbele.